Maua ya Lingeka

Siku za shule Milembe aliamshwa kwa kuvutwa shuka, lakini Jumamosi aliamka mwenyewe, jogoo akiwa bado anakohoa. Alifagia uwanja, akachota maji, akasugua masufuria mpaka yakang'aa, kisha akapita zizini kumsalimu baba yake, Mzee Mayige.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Leo siku ya picha, eti? Ndiyo maana uwanja umefagiwa mpaka kwa jirani."

Baba alipenda kumtania hivyo. Alisema kama wiki ingekuwa na Jumamosi tupu, nyumba nzima ingepumzika. Milembe alicheka, akabeba mfuko wake wa vifaa, akashika njia ya mjini.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na safari yake ya kila Jumamosi iliishia Ghala la Picha. Zamani lilikuwa ghala la pamba. Hata sasa ukipitisha kidole kwenye nyufa za ukuta unatoka na nyuzi nyeupe. Wakazi wa Bariadi walilisafisha, wakapaka kuta chokaa, wakalifanya nyumba ya kuonesha kazi za mikono yao. Maonesho yalibadilishwa kwa kufuata shamba: yalikuwepo ya kupanda, ya palizi na ya mavuno. Jumamosi milango ilikuwa wazi kwa kila mtu. Akina mama walisuka mikeka upande mmoja, watoto walichora upande mwingine, na wazee waliingia kubishana kama ng'ombe aliyechorwa ana rangi inayostahili jina aliloandikiwa.

Msimamizi alikuwa Mwalimu Kristofa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa na masharti mawili, na hayo hakuyalegeza kwa mtoto wa mtu yeyote. La kwanza, rangi za dukani hazikuingia mle. Kila mtu alitafuta rangi yake katika nchi yake: udongo mwekundu wa vilimani, mkaa, majivu, maganda ya miti. Brashi nazo zilitengenezwa kwa vijiti vya mswaki. Unatafuna ncha ya kijiti mpaka nyuzi zinaachana, unachovya, unachora. Kikikakamaa, unakirudisha mdomoni unakitafuna tena. Sharti la pili, kila mchoraji alisema mbele ya wenzake rangi yake imetoka wapi, ili anayeitaka naye aende akachote.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Katika nchi yote ile hakuna aliyewahi kupata rangi ya buluu. Basi anga katika picha za Ghala lilikuwa la majivu au jeupe, kama kwamba Bariadi haijawahi kupambazuka vizuri. Milembe alilichukia anga lile la majivu. Alitaka kuchora mbuga baada ya mvua, na juu yake anga lenyewe, lile la kweli.

Buluu aliipata wakati wa kupanda pamba. Mbegu za msimu ule zilikuja zimepakwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ilikuwa na rangi ya buluu iliyokolea. Baba aliwaambia watoto wake wasiguse midomo wakati wa kupanda, na jioni akawasimamia wakinawa mikono kwa sabuni. Hakuwa anatia chumvi. Kuku wao wawili walichakura mbegu zilizomwagika mlangoni, wakafa siku hiyo hiyo. Mbegu zilizobaki baba alizifunga katika gunia lake, akalitundika kwenye kichanja cha stoo.

Milembe alinawa, lakini alitazama maji ya buluu yakizama ardhini, akaona uchungu kweli. Kesho yake alipanda juu ya kinu, akachota konzi ya mbegu, akazilowesha katika kopo. Maji yalipokolea alichovya, akapaka kwenye kipande cha boksi. Lilikuwa anga. Kwa furaha akasahau kabisa kuku.

Au labda hakuwasahau. Maana kwa rangi nyingine alitumia kijiti alichotafuna, lakini kwa buluu alitumia unyoya wa kuku. Alijiambia kuwa unyoya unachora mstari mwembamba zaidi.

Zamu yake ya kusema ilipofika, watoto wote walimkodolea macho. Mwalimu Kristofa mwenyewe aliinama karibu na picha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Milembe, buluu hii umeitoa wapi?"

Angesema kweli, rangi ingechukuliwa na kumwagwa. Na hata isingemwagwa, nyumba gani ya Bariadi isiyokuwa na mbegu za pamba? Kila mtoto angekuja na anga lake.

"Ni maua, mwalimu. Yanaota kule Lingeka, kwa shangazi yangu."

Lingeka ni mbali, wilaya ya Meatu. Hakuna mtoto ambaye angeenda huko kuhakikisha. Mwalimu alimsifu, akasema picha ile itawekwa kwenye ukuta wa mlangoni, mahali ambapo kila mgeni wa Maonesho ya Kupanda angeiona kwanza. Milembe alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ufunguzi, Ghala lilijaa. Miongoni mwa akina mama waliokuwa wakimalizia mikeka alikuwemo Stephania, na mtoto wake Masalu, wa miaka mitano, alikuwa akizunguka huku na huku na kijiti chake. Masalu alimpenda Milembe. Alisimama kando yake, akatazama anga, akasema naye anataka anga. Milembe alimwambia hapana. Masalu hakuondoka. Alisimama tu, anavuta kamasi, mpaka Milembe akaona bora yaishe, akammiminia matone machache katika kifuniko cha soda.

Baadaye alipoinua macho, aliona midomo ya Masalu ni ya buluu. Mtoto alikuwa anachora, anatafuna kijiti, anachovya, anatafuna tena, kama alivyofundishwa. Milembe alimfuta midomo kwa upindo wa gauni lake na kumnyang'anya kile kifuniko. Akajisemea kuwa ni kidogo tu, na kwamba kuku ni kuku na mtu ni mtu.

Wakati wa mapumziko, Mama Wema aligawa uji kama kawaida yake. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyewapikia watoto wa Ghala bila kulipwa na bila kulalamika. Masalu alikunywa kikombe chake nusu. Kisha akakiweka chini, akatapika.

Mwanzoni watu walidhani ameshiba kupita kiasi. Lakini alitapika tena, mate yakamtoka bila kukoma, jasho likamlowesha shati, na mikono ikaanza kutetemeka. Stephania alimbeba, akatoka mbio, bajaji ikawapeleka hospitali.

Mle ndani kila mtu alitafuta sababu, na sababu iliyokuwa karibu ilikuwa sufuria. Mama mmoja aliuliza unga ule ulinunuliwa wapi. Mwingine akasema yeye tangu zamani aliuona uji ule una harufu. Wa tatu alilibeba sufuria lote akalimwaga nje, wakati wiki iliyopita huyo huyo alikuwa ameomba kikombe cha pili. Mama Wema alisimama na upawa mkononi. Alichukua kikombe alichokiacha Masalu, akakinywa mbele yao mpaka mwisho, machozi yakimtiririka.

Milembe aliona yote hayo. Alipiga hatua moja kumwelekea Mama Wema, akarudi nyuma.

Simu ya Mwalimu Kristofa ililia. Alikuwa Daktari Nkinda, mganga wa zamu, na mwalimu aliweka sauti juu ili wote wasikie. Daktari alisema mtoto ana dalili za sumu, si tumbo la kawaida. Alitaka kujua amekula nini, amegusa nini, ametafuna nini.

"Ametafuna kijiti cha kuchorea, daktari. Lakini rangi zetu ni udongo na mkaa," mwalimu alisema. Kisha akakumbuka. "Isipokuwa moja. Kuna maua."

"Maua gani?"

Wote walimgeukia Milembe. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na hata leo ukimuuliza atakuambia kuwa alipaona. Lakini watu walikuwa wengi, sufuria lilikuwa limeshamwagwa, na Mama Wema alikuwa bado analia. Milembe alisema hajui jina lake. Alipoulizwa majani yakoje, alisema membamba. Alipoulizwa yanaota wapi hasa, alisema nyuma ya nyumba ya shangazi, karibu na kisima.

Daktari alisema zipo dawa za kutuliza sumu, lakini kila sumu ina yake, na yeye hawezi kumchoma mtoto kwa kubahatisha. Aliomba wamletee ua hilo haraka. Mwalimu alimtaka Milembe namba ya shangazi, akapiga mara kadhaa. Haikupatikana. Akachukua funguo za pikipiki yake.

"Panda, Milembe. Wewe ndiye unayelijua. Twende tukalichume."

Milembe alipanda. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua jinsi ya kutofanya.

Pikipiki ilitoka mjini, ikaacha nyumba, ikaingia kati ya mashamba. Mwalimu aliendesha kwa kasi ambayo hakuwahi kuendesha, akikwepa madimbwi, na kila mara aliuliza kwa kelele kama wanaenda sawa. Milembe alijibu ndiyo. Mgongoni kwa mwalimu alifikiri atafanya nini wakifika. Angeonesha jani lolote, daktari angeamini, na mtoto angechomwa sindano isiyo yake. Au angesema maua yamekauka, wakarudi mikono mitupu. Vyovyote vile, Masalu alikuwa nyuma, na wao walizidi kwenda mbele.

Njiani kundi la ng'ombe lilivuka barabara, wakasimama kulipisha. Kando palikuwa na familia inayopanda pamba. Mama alikuwa ameinama na bakuli la mbegu, na viganja vyake vilikuwa vya buluu. Mtoto mdogo aliyekuwa akimfuata aliinua mkono kuelekea mdomoni. Mama yule aliangusha bakuli, akaudaka mkono ule hewani, akaanza kuusugua kwa maji ya dumu huku akimgombeza mtoto kwa Kisukuma.

Milembe alianza kulia.

"Mwalimu, tusiende," alisema. "Rudi."

"Kuna nini?"

"Hakuna maua. Lingeka hakuna maua. Ile buluu ni dawa ya mbegu za pamba. Nililowesha mbegu za baba. Masalu nilimpa mimi."

Mwalimu Kristofa aligeuka akamtazama. Milembe alitegemea kofi, na angelipokea. Mwalimu hakumpiga wala hakumkaripia. Alitoa simu, akampigia daktari, akarudia maneno yale yale kama alivyoyasikia, kisha akasikiliza.

"Anataka gunia," alimwambia Milembe. "Jina la dawa limeandikwa pale. Liko wapi?"

"Stoo. Kwenye kichanja."

Waligeuza. Kwenda kulionekana kufupi, lakini kurudi kulikuwa kurefu kweli.

Mzee Mayige alikuwa akitengeneza jembe uani alipomwona binti yake akishuka kwenye pikipiki, uso umevimba kwa kulia. Milembe alimwamkia "Mwadila, baba," kwa sababu mdomo ulizoea, kisha akamweleza yote akiwa amesimama wima. Ilikuwa mara ya pili kuyasema, na haikuwa rahisi zaidi ya ya kwanza. Baba aliweka jembe chini. Alikwenda mwenyewe kulitungua gunia, akatazama alama ya fuvu iliyochapwa juu yake.

"Na mimi nililiweka mahali ambapo mtoto anafika," alisema polepole. "Twendeni wote."

Hospitalini, Daktari Nkinda alisoma gunia akiwa bado anatembea, akaingia wodini. Milembe aliachwa kwenye benchi la korido. Stephania alikuwa amekaa benchi la mkabala, kanga imemwangukia mabegani, na mwalimu alipomweleza, alimtazama Milembe mara moja tu, kisha akageuza uso ukutani. Milembe aliona ana haki.

Daktari alipotoka, alimwita Milembe pembeni, mbele ya baba yake na mwalimu. Aliuliza kama kuna mtoto mwingine aliyeitumia rangi ile. Milembe alisema hakuna. Daktari akauliza kama yeye mwenyewe alitafuna kijiti chenye buluu.

"Hapana. Mimi nilitumia unyoya."

"Kwa nini unyoya?"

Milembe alitaka kusema habari ya mstari mwembamba. Akautazama upindo wa gauni lake, bado una buluu.

"Kwa sababu nilikuwa naogopa," alisema.

Baba yake alifunga macho. Daktari alimwambia kuwa sasa mtoto amepata dawa inayomfaa, na kwamba wangesubiri. Alimwambia pia kwamba kama wangeendelea na safari ya Lingeka, yeye angebaki anamtibu kwa kukisia, na mwili wa mtoto mdogo hauvumilii kukisia kwingi.

Walisubiri. Jua lilikuwa limeanza kulainika madirishani wakati muuguzi alipotoka kusema kuwa Masalu ameacha kutetemeka, na kwamba anaulizia kijiti chake. Stephania aliinuka akakimbilia wodini, na Mzee Mayige akaiokota kanga iliyomwanguka. Milembe alilia mpaka akaishiwa pumzi.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Masalu alibaki wodini mpaka daktari aliporidhika. Picha yenye anga la buluu haikutundikwa kokote. Daktari aliagiza iondolewe pamoja na kopo na mbegu zote, na Milembe aliitazama ikitolewa Ghalani bila kuomba lolote. Njiani kwenda shule alisikia wenzake wakinong'ona. Kwa kweli hilo halikumsumbua sana. Lililomnyima raha ni kikombe cha uji ambacho Mama Wema alikinywa akilia mbele ya watu.

Alikwenda nyumbani kwa mama huyo, peke yake. Mama Wema alikuwa akichambua mchele mlangoni. Milembe alipiga magoti, akasema shikamoo, akasema kosa lake bila kulipunguza. Mama Wema alimvutia kigoda.

"Marahaba. Kaa," alisema. "Nikuambie kilichoniuma mimi. Si uji kumwagwa. Nilikuona umesimama pale, unanitazama, na nikaona una neno. Nikasema moyoni, huyu mtoto atalisema sasa hivi. Hukulisema."

"Nisamehe, mayu. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini ushike hili, maana utakosea tena, wote tunakosea. Kumpa mwenzio kitu kibaya bila kukusudia ni kosa. Kunyamaza wakati unamwona anaumia ni kosa jingine, na hilo ni kubwa kuliko la kwanza. Ukikosea, sema upesi, wakati kusema bado kunasaidia. Ukichelewa, hata ukisema ukweli wote, unakuwa unasimulia msiba."

Kisha akamsukumia ungo, akamwambia asaidie kuchambua, kwa kuwa watoto wa Ghala Jumamosi watataka kula.

Maonesho ya Kupanda yalifunguliwa, ingawa kwa kuchelewa. Safari hii Daktari Nkinda alialikwa, akawaeleza wazazi namna ya kutunza mbegu zenye dawa na kwa nini gunia lake halifai kwa kitu kingine chochote. Mwalimu Kristofa naye alibadilisha utaratibu wake: rangi mpya haitachovywa na mtu yeyote mpaka watu wazima wawili waende wakaione inapotoka. Wale akina mama waliolisema sufuria walikunywa uji wa Mama Wema kwa bidii sana siku ile, na yeye aliwajazia vikombe mpaka juu, jambo lililowaadhibu vya kutosha.

Milembe alichora upya. Mbuga yake ilikuwa ya udongo, nyasi zake za mkaa, na anga lake la majivu, kwenye kona ya mbali na mlango. Alikuwa amepiga magoti akilimalizia alipohisi mtu amesimama kando yake, anavuta kamasi.

Alikuwa Masalu. Nyuma yake, hatua chache, Stephania alisimama akiwatazama wote wawili, hajatabasamu, lakini hakuja kumvuta mwanawe.

Masalu alichovya kijiti chake kipya kwenye kopo la Milembe. Alikiinua kuelekea mdomoni, akasita. Akamtazama usoni.

"Dada Milembe, hii imetoka wapi?"

Ghala zima lilikuwa na kelele, lakini Milembe hakusikia sauti nyingine. Aliweka kopo chini.

"Imetoka jikoni kwetu," alisema. "Ni majivu ya kuni na maji. Lakini usiitafune bado. Mwite mama yako, twende wote nikawaoneshe."